Boti nayo inataka kupumua: maswali yenu kuhusu turubai

Wasomaji wangu habari za siku. Meseji za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, turubai la kufunikia boti, na najua ni kwa nini, mvua zimeshaanza kunukia na kila mtu wa huku kwetu Kigoma, ziwa Tanganyika, akipita mwaloni pale boti zinapotua anaona chombo chake kimelala wazi roho inamuuma. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndio yenye kila kitu ndani yake, hizo nyingine ntaenda nazo kulingana na uzito wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Katonga, nina boti ya mbao ya mita 7, upana pale katikati ni mita 1.6, tunavulia dagaa na migebuka. Siku za mbalamwezi ambazo hatuingii ziwani tunaivuta nchi kavu inakaa. Mwaka jana nilinunua lile turubai la bluu la plastiki nikalitandaza juu nikazungusha kamba nikakaza vizuri kabisa, mvua ya usiku mmoja tu, asubuhi nafika nakuta limefanya bwawa katikati, limechanika na ubao wa kukalia umevunjika. Nimeulizia kwa fundi anishonee la maana, bei aliyonitajia kwakweli siiwezi. Je naweza kutengeneza mwenyewe nyumbani? Na vipimo navichukuaje? (Msomaji, Katonga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na ubao. Unaweza, tena bila wasiwasi wowote, mimi nimeshona la kwanza nikiwa sijawahi hata kushika cherehani, nilishona kwa mkono na sindano ya gunia. Ila kabla ya kushona chochote tuelewane kwanza kwenye kilichovunja ubao wako, kwasababu turubai lako halikuwa na kosa lolote, kosa ni kwamba lililala flati.

Angalia hesabu hii. Kipande cha turubai cha mita 2 kwa mita 1 kikikusanya maji ya kina cha sentimita 10 tu, pale pamekaa lita 200 za maji. Hizo ni kilo 200, yani ni kama umechukua drumu zima limejaa ukalitua juu ya ubao wa kukalia alafu ukalala. Na bwawa likishaanza halirudi nyuma, maji yanavuta kitambaa chini, kitambaa kikishuka maji yanaongezeka, yakiongezeka yanavuta tena, mpaka kitu kikatike. Ukikaza kamba zaidi hujasaidia kitu, unachelewesha tu. Dawa yake ni mgongo, turubai lazima liwe na paa kama nyumba, maji yakianguka yasipate pa kukaa.

Kwahiyo kazi inaanza na miti. Tafuta mti mmoja mrefu ulionyooka au mwanzi uliokomaa, utoke mbele ya boti mpaka nyuma, huo ndio mgongo. Kama huna mrefu hivyo unga miwili, mahali pa kuungia papishane kama nusu mita hivi na upafunge kamba sehemu tatu. Alafu tengeneza mikasi mitatu, kila mkasi ni fito mbili umezipishanisha juu ukazifunga, ile V ya juu ndio mgongo unakalia, moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Miguu ya mkasi usiikanyagishe kwenye mbao za chini, ikanyagishe kwenye mataruma, zile mbavu za boti, na chini ya kila mguu weka kipande cha kandambili iliyochakaa, ukikate mraba ukitoboe kidogo mguu uingie, hapo hautateleza na hautakwangua mbao. Hilo la kandambili nilionyeshwa na mzee mmoja wa Ujiji na sijawahi kuona kitu kizuri zaidi yake.

Sasa vipimo. Mgongo wako uwe juu ya ukingo wa boti kwa sentimita 60. Nusu ya upana wako ni sentimita 80. Ukiwa na 60 kwenda juu na 80 kwenda pembeni, ule mlalo wa turubai unakuja mita 1 kamili, mafundi wa paa wanaijua hii ni ile tatu nne tano yao. Ongeza sentimita 40 zinazoning'inia nje ya ubavu ili maji yadondokee mbali, na sentimita 10 za pindo. Upande mmoja ni mita 1.5, pande mbili mita 3. Urefu ni mita 7 za boti, nusu mita ya kuzidi kila upande, na sentimita 10 za pindo kila mwisho, jumla mita 8.2. Kama hesabu zinakuchosha chukua kamba, irushe juu ya mgongo, ishike pale unapotaka turubai liishie pande zote mbili, funga fundo, ipime. Kamba haidanganyi, na tena nakushauri ufanye hivyo hata kama hesabu umeziweza, kwasababu boti zetu hizi zinaundwa kwa jicho la fundi, katikati ni pana mbele ni pembamba, kwahiyo pima sehemu tatu.

Kitambaa cha nini? Hapa watu wanapoteza hela sana. Yale ya bluu mepesi ni rahisi kununua na kwa muda mfupi yanasaidia, ila jua la kwetu linayamaliza, utaona yanaanza kutoa unga na nyuzinyuzi, ukiligusa linapasuka kama karatasi. Ni ile mionzi ya jua inakatakata plastiki yenyewe kwa ndani, na viroba navyo ni hivyo hivyo, ukishona paa la viroba usitegemee livuke kiangazi. Turubai zito la lori, lile la plastiki nene lenye kitambaa katikati, ndio bora kwa kudumu, kama kuna mwenye lori anabadilisha muombe lile kuukuu, kipande cha katikati kinakua hakijachoka sana, kinachochoka ni kwenye mikunjo na pembeni. Na kuna kitu watu wanatupa hawajui thamani yake, mabango makubwa ya matangazo, yale ya barabarani, yale ni plastiki nene ile ile, likishushwa muulize mwenye nalo kabla halijaishia kuwa ukuta wa kibanda. Maandishi yageuzie ndani. Kanvasi ya pamba nayo ni nzuri na kwa boti ya mbao mimi naipenda kuliko zote, ntaieleza kwenye swali linalofuata.

Tuseme umepata kitambaa cha upana wa mita 1.5. Usikiunge kwa urefu wa boti, kata vipande vya mita 3, vikae kwa kuvuka mgongo kama blanketi juu ya punda, vipande 6 vinakutosha, ni mita 18 za kitambaa. Sababu ni kwamba mshono unaoshuka toka mgongoni kwenda chini maji yanaufuata tu yanaondoka zake, ila mshono unaokata njia ya maji utavuja utake usitake. Shona kama pindo la suruali ya jinzi, vipande vipishane sentimita 5, ukunje kingo zote mbili ziingiliane, alafu upitishe nyuzi mistari miwili. Uzi uwe wa nailoni au polista. Uzi wa pamba unaoza, na ukioza unakuta turubai lina afya lakini linafunguka kama begi. Kama huna cherehani nzito nenda kwa fundi viatu, ana sindano na ana mkono wa kazi hiyo, mlipe mishono tu, kukata na kupanga fanya mwenyewe, hapo ndipo bei inaposhuka.

Za kufungia sasa. Vile vipete vya chuma vya tundu la kamba ni vizuri ila vinataka kifaa chake, na ukivipiga vibaya vinang'oka na kipande cha turubai. Okota kokoto laini la ufukweni, duara, saizi ya limao dogo. Liweke upande wa ndani wa turubai pale unapotaka kufunga, likunjie kitambaa juu yake liwe kama kichwa cha mdoli, alafu zungusha kamba shingoni mara mbili na ufunge. Hakuna tundu lililotobolewa, hakuna pa kuanzia kuchanika, upepo ukivuta ndio linazidi kubana. Fanya hivyo kila baada ya kama mita moja. Na badala ya kamba ya manila kavu tumia mpira wa tyubu, ile tunayofungia mizigo kwenye baiskeli, kwasababu mpira unaenda na kurudi, upepo ukipiga mpira unavutika alafu unarudi, wakati kamba kavu inapeleka kishindo chote kwenye turubai. Mpira upite chini ya tumbo la boti ukafunge upande wa pili. Na kila kona ya mbao yenye ncha, na ile pua ya mbele, ivishe kipande cha tyubu kwanza, turubai halifi kwa mvua linakufa kwa kusuguliwa sehemu moja usiku kucha.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo ningetaka ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Usiifungie boti. Mbele na nyuma acha mdomo wazi, wa kuingiza hewa na wa kutoa, na pembeni turubai lining'inie lisigandamane na ubavu.

Nakwambia hivi kwasababu niliwahi kuua boti. Ilikuwa ya baba yangu. Baba aliumwa mwezi wa tatu, mvua zinapiga kila siku, mimi kijana nikaona niitunze boti yake mpaka apone, nikatafuta nailoni nene nikaizungushia yote, juu na chini, kama mtu anavyofunga zawadi, hata kidole hakipiti. Ndani kulikuwa na maji kidogo yamebaki chini kwenye mataruma, nikayaona, nikasema si kidogo tu. Ikakaa hivyo miezi miwili. Siku tunaifungua kabla hata hatujaona kitu harufu ikatutangulia, harufu ya gunia la chini kabisa kwenye stoo yenye uvundo, nailoni kwa ndani ilikuwa inatiririka matone, na mbao zimeota kitu cheupe kama pamba. Baba alitoa kisu chake cha kuparia samaki akakiweka kwenye ubao wa pili toka chini, hakukisukuma kwa nguvu, kiliingia chenyewe kama kinaingia kwenye ndizi mbivu. Hakunigombeza. Aliparudia pale pale kwa kidole, akakaa juu ya jiwe muda mrefu hajasema neno. Mbao nne zilibadilishwa mwaka ule na msimu mzima wa dagaa ulitupita.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Jua likipiga nailoni ndani kunakua joto, maji yanapanda kuwa mvuke, usiku ukiingia mvuke unapoa unarudi kuwa matone unalowesha mbao za juu ambazo mvua yenyewe isingezifikia, kesho tena, kesho kutwa tena. Kuvu wanaoozesha mbao wanapenda vitu viwili, unyevu na hewa iliyotulia, na mimi niliwapa vyote. Boti iliyoachwa wazi kwenye mvua inalowa alafu inakauka. Ile iliyofungiwa hailowi siku moja, inalowa siku zote. Kwahiyo kabla hujafunika kausha ndani kwa kitambaa, fungua kizibo cha chini kama unacho, inua upande wa mbele kidogo, alafu ndio ufunike, na kila siku mbili tatu pita uweke mkono chini ya turubai, ukihisi joto la jasho ujue milango yako ya hewa ni midogo.

Kingine boti isilale moja kwa moja kwenye udongo, iweke juu ya mawe au magogo, kwetu hapa mchwa hawaulizi mwenyewe yuko wapi. Na toka ziwa lilivyopanda miaka hii ivute juu zaidi ya pale mlipozoea.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa Ujiji, marehemu mume wangu aliacha turubai la kanvasi la lori, zito, halijachanika popote ila limekua linapitisha maji. Nina boti ndogo nawakodisha vijana. Jirani ananiambia nilipake mawese, mwingine ananiambia oili chafu ya gari. Nifanyeje? (Mama, Ujiji)

JIBU: Pole mama kwa msiba, na hongera kwa kulitunza hilo turubai, ni mali. Usilipake mawese na oili chafu ndio kabisa usiiguse.

Mawese mama hayakauki. Kuna mafuta ambayo ukiyapaka yakapigwa na hewa yanagandamana yanakua ngozi, kama linsidi inayouzwa madukani kwenye rangi, lakini mawese yatabaki mafuta leo na mwezi ujao, yanabeba vumbi, yanaanza kunuka, na panya wa mwaloni watakula kanvasi yako kwa raha zao. Oili chafu inamomonyoka na mvua inaenda ziwani, na ziwa hilo hilo ndio tunachota, mji mzima wa Kigoma unakunywa humo.

Ila mawese hayohayo yakishageuzwa sabuni yanakusaidia, na hapa ndio napenda sana swali lako. Chukua sabuni ya mche, hizi zinazochemshwa kwetu kwa mawese ni nzuri kabisa, ikwangue uiyeyushe kwenye maji ya moto mpaka yawe mazito kama uji mwepesi. Turubai liwe limeshafuliwa kwa maji matupu na kukauka. Lisugulie hayo maji ya sabuni kwa brashi mpaka yazame, pande zote mbili, lianike likaribie kukauka. Alafu nunua shabu, ile ya mawe meupe ambayo vinyozi wanaijua, isage, iyeyushe kwenye maji ya moto kwenye beseni lingine, upake juu ya pale ulipopaka sabuni. Shabu na sabuni zikikutana ndani ya nyuzi zinashikana zinatengeneza kitu kingine kabisa, kama nta nta hivi, kisichoyeyuka kwenye maji, na kimeshakaa ndani ya uzi hakipo juu. Lianike likauke kabisa kabisa. Ukimwagia maji utaona yanakusanyika vidonge vidonge yanakimbia. Mvua za msimu mzima zitapunguza nguvu yake, kwahiyo kila kabla ya mvua unarudia, na ni kazi ya siku mbili tu.

Ukitaka nguvu zaidi kwenye mgongo na kwenye mishono, weka nta ya nyuki. Nta ya Tabora unaipata kwa wanaouza asali, waulize, wengi wanaibakisha. Lianike turubai juani lipate moto, sugua kipande cha nta moja kwa moja kama unasugua chaki ubaoni, alafu pitisha pasi ya mkaa yenye moto wa wastani juu ya gazeti mpaka uone weupe wa nta umepotea umezama. Kama unaiyeyusha usiweke sufuria ya nta juu ya moto, weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji, nta inayeyuka kwenye nyuzi sitini na kidogo tu, maji ya moto yanatosha, na moto wa moja kwa moja unaiwasha ikawa balaa jikoni na watoto wapo. Kuna wanaochanganya na linsidi, sawa, ila yale matambara uliyofutia usiyakunjekunje ukayatupa pembeni ya nyumba, yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka, yatandaze wazi yakauke.

Hii yote ni kwa kanvasi ya pamba, ya plastiki hainywi kitu utapoteza sabuni yako. Na uzuri wa pamba mama ni kwamba uzi ukilowa unavimba unaziba vitundu, mvua ikiisha unakauka na hewa inapita, boti inapumua. Waambie tu vijana mvua ikinyesha wasiguse turubai kwa ndani na wasiegemeze makasia, pale palipoguswa ndipo patakapodondoka.

SWALI: Mambo vipi fundi, nipo Kibirizi. Turubai langu ni zuri nimeshona mwenyewe lina mgongo na kila kitu, tatizo upepo, unalivua kila mara. Na je naweza kuacha injini na tenki la petroli humo humo chini ya turubai? (Msomaji, Kibirizi)

JIBU: Poa kaka. Nianze na petroli kwasababu hilo halina mjadala, tenki litoke, liende likakae penye hewa mbali na moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaondoka, unashuka unakaa chini kwenye tumbo la boti kama maji usiyoyaona, chini ya turubai hauna pa kwenda, anakuja mtu na sigara au unaunga waya wa betri ya taa zako za dagaa cheche ikaruka. Injini nayo kama unaweza ishushe uipeleke nyumbani, usalama wake na wizi unaujua. Ikibidi ibaki isimamishe maji yatoke yote, ivishe gunia la katani au shuka kuukuu sio nailoni, na vyuma vilivyo wazi vipake grisi.

Usiidharau grisi. Ile meli ya Liemba ya hapa ziwani kwetu, Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 ikaja vipande vipande ikaungwa hapa Kigoma, mwaka 1916 wakaona watanyang'anywa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, ila kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mashine zake grisi nzito. Ikaibuliwa 1924, miaka nane toka izamishwe, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wale walijua kitu kitakaa muda mrefu wakakiandaa kwa muda mrefu. Sisi mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti boti zilikaa nchi kavu miezi mitatu na nilipita mialoni nikaona injini zimeachwa hivi hivi na vumbi lake, na hapo ni kiangazi, hakuna aliyefikiri kwamba jua linaharibu. Mbao zilisinyaa mpaka unaona mwanga katikati, pamba ya kalafati, ile ya kuzibia kati ya mbao, imetoka inaning'inia. Turubai sio la mvua tu kaka, tena kwa boti ya mbao mimi naona jua ni adui wa kwanza.

Upepo sasa. Naomba uangalie umefunga wapi. Wengi wanafunga turubai kwenye vigingi vilivyochimbiwa chini, upepo unaingia unalijaza kama tanga na kigingi kinang'oka. Funga kwenye boti yenyewe, mpira unapita chini ya tumbo, nimeeleza hapo juu kwa ndugu wa Katonga. Geuza pua ya boti ielekee upepo unakotoka, kiangazi mara nyingi unatoka kusini, ule mdomo wa mbele ufanye mdogo na wa nyuma mkubwa zaidi, upepo uingie kidogo na utoke kirahisi. Alafu ning'iniza madumu ya lita 5 yaliyojaa maji kwenye pindo, kila upande matatu au manne, yasiguse ubavu na yasiguse chini. Kila dumu ni kilo 5, upepo ukinyanyua turubai linapanda, upepo ukiacha linashuka lenyewe, hakuna kinachokatika. Mchanga ni mzito zaidi lakini dumu likipasuka unabaki na kazi ya kuzoa, maji yanatosha. Usiweke mawe, jiwe likipata mwendo wa upepo linakua nyundo.

SWALI: Naandika toka Usinge, Kaliua. Sisi huku ziwa Sagara hatuna boti za mbao za kuunga tuna mitumbwi ya gogo. Nimechonga mpya, nimeuacha juani wiki mbili umeanza kupasuka mbele na nyuma. Hayo maturubai yenu yatanisaidia au ni ya matajiri wa Kigoma? (Msomaji, Usinge)

JIBU: Yatakusaidia ndugu yangu, na huhitaji hata turubai. Gogo bichi linakauka haraka zaidi kwenye ncha zake, pale shoka lilipokata mishipa ya mti ikaonekana wazi, kuliko ubavuni. Ncha zikikauka zinasinyaa wakati katikati bado ni mbichi haisinyai, ndio zinapasuka. Kwahiyo unachotaka ni kuzichelewesha ncha. Huko kwenu nta ipo kwa wingi kuliko kwetu, iyeyushe kwenye kopo ndani ya maji ya moto kama nilivyomwambia mama wa Ujiji, ipake ncha zote mbili ikiwa bado ya moto, tabaka mbili tatu, ndani na nje. Ule mpasuko mdogo ambao tayari umeanza, toboa kitundu kidogo pale unapoishia ili usiendelee, alafu uzibe kitundu na mpasuko kwa pamba na nta.

Juu yake jenga kibanda cha nyasi, fito nne na nyasi za kuezekea, kirefu kuliko mtumbwi, wazi pande zote. Hicho ndicho kifuniko bora kuliko chochote nilichokieleza humu, kivuli kipo, hewa inapita, mvua haifiki. Mtumbwi uuweke juu ya magogo mawili ya mti mgumu, na ndani yake mwagia maji kidogo kidogo kila jioni wiki za mwanzo, usijaze, lowesha tu kuta, ukauke taratibu. Ule wa kwako wa wiki mbili bado haujachelewa, upake leo.